Poda za Protini na Afya ya Ini: Kinachodhuru na Kisichodhuru

Makopo ya poda ya protini, ambayo zamani yalijulikana na wanamichezo wachache, leo yanauzwa katika maduka ya dawa, kumbi za mazoezi na mitandao ya kijamii. Wanunuzi wake ni vijana wanaotaka kutunisha misuli, watu wanaopunguza uzito, wazee walioishiwa nguvu, na ndugu wanaomnunulia mgonjwa aliyekonda ili arudishe mwili. Pamoja na kuenea kwa bidhaa hizi limeenea pia swali ambalo wahudumu wa afya huulizwa mara kwa mara: je, poda za protini huharibu ini?

Majibu yanayosikika mitaani yanapingana. Wapo wanaosema kuwa poda ni chakula tu, hivyo haiwezi kumdhuru mtu. Wapo wanaosema kuwa kila kopo ni sumu ya ini na figo. Majibu yote mawili yana hatari. Kijana aliyeaminishwa kuwa kila poda ni salama anaweza kukaa miezi mitatu akiwa na macho ya manjano kwa sababu ya homoni iliyofichwa ndani ya kopo. Naye mgonjwa ambaye ini lake limesinyaa, akiogopeshwa protini, hupoteza misuli na nguvu anazozihitaji ili aishi. Makala haya yanaeleza jinsi ini linavyoshughulikia protini, mahali ambapo madhara hutokea kweli, na hatua ambazo mtumiaji na mhudumu wa afya wanapaswa kuchukua.

Poda ya protini ni kitu gani?

Poda nyingi hutokana na maziwa. Jibini inapotengenezwa, maziwa hugandishwa, na maji yanayobaki huwa na takriban sehemu moja ya tano ya protini yote ya maziwa. Maji hayo huchujwa na kukaushwa mpaka yawe unga. Poda nyingine hutokana na soya, njegere, mchele au mayai. Kipimo kimoja cha poda ya maziwa, chenye gramu 30 hivi, hutoa gramu 20 hadi 25 za protini.

Kwa hiyo poda halisi ya protini, isiyoongezwa kitu, ni chakula kilichokolezwa. Tatizo ni kwamba bidhaa nyingi zinazouzwa kwa jina hilo haziishii hapo. Huongezwa sukari, kafeini, vitamini, madini, kreatini, dondoo za mimea, na wakati mwingine kemikali ambazo hazikuandikwa popote kwenye lebo. Neno "poda ya protini" linabeba bidhaa za aina nyingi, na ndiyo maana swali la iwapo inadhuru ini haliwezi kujibiwa kwa neno moja.

Ini hufanya nini na protini?

Protini inapoliwa, iwe ya maharage, nyama au poda, tumbo na utumbo huivunja kuwa asidi amino. Asidi amino hufyonzwa na kusafirishwa na damu moja kwa moja hadi kwenye ini. Ini huchukua sehemu yake na kutengeneza protini za damu, kama vile albumini na zile zinazogandisha damu. Nyingine huachiwa ziende kwenye misuli na viungo vingine.

Asidi amino zinazozidi mahitaji haziwezi kuhifadhiwa kama mafuta yanavyohifadhiwa. Ini huziondolea naitrojeni, na hapo hutokea amonia, ambayo ni sumu kwa ubongo. Ini huigeuza amonia kuwa yurea, kitu kisicho na madhara makubwa, ambacho figo hukitoa kwa mkojo. Mfululizo wa hatua hizo ulielezwa na Hans Krebs na Kurt Henseleit nchini Ujerumani mwaka 1932, na mpaka leo hujulikana kama mzunguko wa yurea.

Ini lenye afya lina akiba kubwa ya uwezo wa kufanya kazi hii. Mtu anapoongeza protini katika mlo wake, vimeng'enya vya mzunguko wa yurea navyo huongezeka ili kukidhi kazi mpya. Dhana kwamba protini "hulichosha" ini zima mpaka likaharibika haina msingi katika utendaji wa kiungo hiki. Kwa mtu mwenye ini zima, protini ya maziwa au ya soya, ikitumiwa kwa kiasi cha kawaida, haijaonyeshwa kusababisha ugonjwa wa ini. Zipo taarifa chache za kitabibu za mgonjwa mmoja mmoja aliyepata umanjano wakati akitumia poda, lakini katika taarifa za namna hiyo ni vigumu kutenganisha protini yenyewe na vitu vingine vilivyomo katika bidhaa au vinavyotumiwa pamoja nayo.

Mwili unahitaji protini kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani na washirika wake, katika ripoti yao ya mwaka 2007, waliweka kiwango cha gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima kwa siku. Mtu mwenye kilo 70 anahitaji takriban gramu 58. Wanaofanya mazoezi mazito hushauriwa kati ya gramu 1.2 na 2 kwa kilo.

Kiasi hicho hupatikana mezani. Mayai mawili yana gramu 12 hivi. Kikombe cha maharage yaliyopikwa, gramu 15. Glasi ya maziwa, gramu 8. Kipande cha samaki cha gramu 100, gramu 20 au zaidi. Jumla yake ni gramu 55, kabla ya kuhesabu protini iliyomo katika ugali au wali. Dagaa wakavu ni miongoni mwa vyakula vyenye protini nyingi kuliko vyote vinavyopatikana sokoni, na bei yao ni ndogo kuliko ya kopo. Poda inaweza kumsaidia mtu asiyeweza kutafuna au anayeshindwa kumaliza sahani ya chakula, lakini kwa walio wengi ni jambo la urahisi kuliko ulazima.

Homoni zilizofichwa ndani ya kopo

Hatari iliyothibitika zaidi kwa ini katika bidhaa za kujenga misuli inatokana na homoni bandia zenye asili ya testosteroni, zijulikanazo kama steroidi za kujenga mwili. Homoni ya kawaida ikimezwa, ini huivunja kabla haijafika kwenye misuli. Ili kukwepa jambo hilo, watengenezaji wa kemikali walibadilisha umbo la homoni kidogo ili ini lishindwe kuivunja upesi. Mabadiliko hayo hayo ndiyo yanayoifanya idhuru njia ambazo ini hutumia kusukuma nyongo nje ya chembechembe zake.

Nyongo inapokwama ndani ya ini, bilirubini hupanda katika damu. Mgonjwa, ambaye kwa kawaida ni mwanamume kijana mwenye mwili uliojengeka, hupoteza hamu ya kula, macho yake huwa ya manjano, mkojo huwa na rangi ya chai ya rangi, choo hupauka, na mwili huwasha kiasi cha kumnyima usingizi. Dalili hizi huanza wiki kadhaa au miezi michache baada ya kuanza kutumia bidhaa. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba umanjano unaweza kuendelea kuongezeka kwa wiki kadhaa hata baada ya kuacha, kabla ya kuanza kupungua.

Mtandao wa utafiti wa madhara ya dawa kwenye ini nchini Marekani ulichapisha mwaka 2014 uchambuzi wa wagonjwa 839 waliopata madhara hayo kati ya mwaka 2004 na 2013. Kati yao 130 walikuwa wametumia virutubisho vya ziada na bidhaa za mitishamba, na katika hao 45 walitumia bidhaa za kujenga misuli. Katika kipindi hicho sehemu ya madhara yaliyotokana na virutubisho na mitishamba iliongezeka kutoka takriban asilimia 7 hadi asilimia 20. Waliotumia bidhaa za kujenga misuli walipona bila kifo wala kupandikizwa ini, lakini umanjano wao ulidumu muda mrefu: kwa nusu yao, siku 91 au zaidi. Miezi mitatu ya kuwashwa, kukonda na kushindwa kufanya kazi ni bei kubwa kwa bidhaa iliyonunuliwa ili mtu apate nguvu.

Homoni hizo zikitumiwa kwa muda mrefu huleta hatari nyingine: vifuko vya damu ndani ya ini vinavyoweza kupasuka, uvimbe usio wa saratani, na hata saratani ya ini. Nje ya ini huathiri moyo, mafuta ya damu, korodani na uzazi.

Je, zinaingiaje katika bidhaa inayouzwa kama chakula? Mteja anayeona misuli ikikua haraka hurudi kununua tena na huwaambia wenzake, na biashara hukua. Wanasayansi wa Marekani walipopima katika maabara bidhaa zilizotumiwa na wagonjwa waliopata madhara ya ini, takriban nusu zilikuwa na lebo zisizolingana na kilichomo ndani. Kusoma lebo, basi, ni jambo jema lakini halitoshi.

Dondoo za mimea na "viunguza mafuta"

Kundi la pili la hatari ni dondoo za mimea zinazochanganywa na poda, hasa bidhaa zinazodai kuunguza mafuta na kujenga misuli kwa wakati mmoja. Katika uchambuzi uliotajwa hapo juu, waliotumia bidhaa zisizo za kujenga misuli, wengi wao wanawake wa umri wa makamo, ndio waliopata matokeo mabaya zaidi, yakiwemo vifo na kupandikizwa ini.

Mfano unaofahamika vizuri ni wa chai ya kijani. Chai hiyo ikinywewa kwa kikombe haina tatizo. Dondoo yake iliyokolezwa ndani ya vidonge au poda ni jambo jingine. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba kiasi cha miligramu 800 au zaidi kwa siku cha kemikali kuu ya chai ya kijani, kikitoka katika virutubisho vya ziada, huhusishwa na kupanda kwa vimeng'enya vya ini. Kwa baadhi ya watu wenye vinasaba fulani, madhara huwa makali zaidi. Dondoo za mzizi wa ashwagandha, na manjano iliyokolezwa na kuchanganywa na kemikali ya pilipili manga ili ifyonzwe zaidi, nazo zimehusishwa na homa ya ini.

Tukio la Hawaii la mwaka 2013 linaonyesha jinsi madhara haya yanavyoweza kugunduliwa. Madaktari wa huko waliona wagonjwa kadhaa, waliokuwa na afya njema hapo awali, wakifika na homa kali ya ini isiyo ya virusi. Walipoulizwa kwa makini, wengi walikuwa wametumia bidhaa moja, OxyELITE Pro, iliyouzwa kwa ajili ya kupunguza uzito na kujenga misuli. Mgonjwa mmoja alifariki na wengine walipandikizwa ini kabla bidhaa haijaondolewa sokoni. Hakuna kipimo cha damu kilichotaja jina la bidhaa ile. Lilipatikana kwa sababu mtu aliuliza.

Sumukuvu: hatari isiyohitaji kopo la nje

Hatari ya tatu inajulikana sana Afrika Mashariki. Aflatoksini ni aina ya sumukuvu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka zisizokaushwa vizuri. Kwa wingi huua ini kwa ghafla. Kwa kiasi kidogo cha kila siku kwa miaka mingi husababisha saratani ya ini, na hatari hiyo huongezeka maradufu na zaidi kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini B. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 katika mikoa ya kati ya Tanzania, ikiwemo Dodoma na Manyara, waliugua watu 68 na 20 wakafariki.

Poda za protini hazina kinga dhidi ya sumu hii. Watafiti wa India waliochapisha kazi yao mwaka 2024 walipima bidhaa 36 za poda za protini zilizokuwa sokoni nchini humo. Takriban asilimia 70 hazikuwa na kiasi cha protini kilichodaiwa kwenye lebo, na asilimia 14 zilikuwa na aflatoksini.

Somo hili linagusa pia unga wa lishe unaosagwa mitaani kwa kuchanganya mahindi, soya, karanga, ulezi na dagaa. Unga huo ni chakula bora kwa mtoto na mgonjwa iwapo malighafi yake ni safi. Karanga moja yenye ukungu ikisagwa, jicho haliwezi tena kuitambua, na moto wa jikoni hauiondoi sumu. Uchambuzi ni lazima ufanyike kabla ya kusaga: karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, na wala zisipewe mifugo wa maziwa, kwa kuwa sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa.

Vimeng'enya vinapopanda bila ini kuugua

Kosa linalotokea mara kwa mara ni kumwambia mnyanyua vyuma mwenye afya kwamba ini lake limeharibika. Vimeng'enya viitwavyo ALT na AST, ambavyo hupimwa kuchunguza ini, vimo pia ndani ya misuli. Mazoezi mazito huchanika nyuzi ndogo za misuli na kuviachia katika damu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuata wanaume 15 wenye afya, wasiozoea kunyanyua vyuma, baada ya saa moja ya zoezi hilo. AST, ALT na kimeng'enya cha misuli kiitwacho CK vilipanda na kubaki juu kwa angalau siku saba. Bilirubini, GGT na ALP hazikutoka katika viwango vya kawaida.

Hapo mhudumu hupata njia rahisi ya kutofautisha. AST ikiwa juu kuliko ALT, CK ikiwa juu sana, huku GGT na bilirubini zikiwa za kawaida, chanzo kinaelekea kuwa misuli. Mgonjwa apumzike bila mazoezi kwa wiki moja hadi mbili, kisha apimwe tena. Mkojo wenye rangi nyeusi nao una maana mbili. Kipande cha kupimia mkojo kikionyesha bilirubini, tatizo liko kwenye ini au njia za nyongo. Kikionyesha damu wakati darubini haioni chembe nyekundu, inawezekana ni protini ya misuli iliyovunjika kwa wingi, hali inayoweza kuua figo na inayohitaji matibabu ya haraka.

Wagonjwa wa ini na woga wa protini

Kwa miaka mingi wagonjwa wenye ini lililosinyaa waliamriwa waache nyama, mayai na maharage, kwa hofu kuwa amonia ingewachanganya akili. Hoja ilionekana ya busara, lakini utafiti uliofanyika Hispania na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa wagonjwa waliokuwa wamechanganyikiwa kwa sababu ya ini hawakufaidika kwa kunyimwa protini. Waliopewa kidogo walivunja misuli yao zaidi.

Misuli ni msaidizi wa ini katika kuondoa amonia. Mgonjwa anayepoteza misuli hupoteza msaidizi huyo, na kuchanganyikiwa kwake kunaweza kuongezeka. Miongozo ya sasa ya Ulaya inapendekeza gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kilo kwa siku kwa mgonjwa wa sirosisi, zikigawanywa katika milo midogo, pamoja na mlo mwepesi kabla ya kulala ili mwili usile misuli usiku. Protini za maziwa na za mimea, kama maharage, choroko na soya, huvumiliwa vizuri. Ikiwa mgonjwa hawezi kula vya kutosha, poda rahisi ya maziwa au soya, isiyo na dondoo za mimea wala vichangamsho, inaweza kutumika chini ya usimamizi wa daktari na mtaalamu wa lishe.

Kundi dogo linalohitaji tahadhari ya kweli ni watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kimojawapo cha mzunguko wa yurea. Baadhi huishi hadi utu uzima bila kujua, mpaka protini nyingi, maambukizi au kujifungua kunapopandisha amonia ghafla. Mwaka 2017 huko Australia, mwanamke kijana aliyekuwa akijenga misuli kwa mlo wenye protini nyingi alifariki kwa namna hii. Mtu ambaye tangu utotoni hukwepa nyama na maziwa kwa kuwa humletea kichefuchefu, kuumwa kichwa au kuchanganyikiwa, au ambaye katika ukoo wake watoto wachanga wamefariki bila sababu kujulikana, apimwe amonia kabla ya kutumia poda yoyote.

Wito kwa mhudumu wa afya

Jambo la kwanza ni kuuliza, na kuuliza kwa lugha isiyo ya lawama. Swali "Unatumia dawa gani?" halitoshi, kwa kuwa mtumiaji haihesabu poda kuwa dawa. Aulizwe kuhusu poda, vidonge vya jimu, sindano, chai za kupunguza uzito na dawa za asili, pamoja na tarehe ya kuanza. Aombwe alete makopo yenyewe.

Jambo la pili ni kutokukimbilia kulaumu poda. Katika mazingira ya Afrika Mashariki, mgonjwa mwenye umanjano lazima achunguzwe virusi vya homa ya ini A, B, C na E, malaria, selimundu, pombe, mawe ya nyongo, na dawa kama isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na parasetamoli. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyekonda ambaye ndugu zake wamemnunulia poda anaweza kuwa anadhurika na dawa zake za kifua kikuu. Kusimamisha poda peke yake na kuziacha dawa hizo bila uchunguzi kunaweza kumgharimu maisha.

Jambo la tatu ni kutambua hatari mapema. Dawa au kirutubisho kikiwa kimeharibu chembechembe za ini, ALT ikazidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, na bilirubini ikazidi mara mbili bila kuziba kwa njia za nyongo, takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi hufariki au huhitaji ini jingine. Usingizi wa mchana, maneno yasiyo na mpangilio, au damu isiyoganda ni sababu za kumpeleka mgonjwa hospitali ya rufaa siku hiyo hiyo.

Jambo la nne linahusu watumiaji wa dolutegraviri. Poda nyingi huongezwa kalsiamu, chuma, magnesiamu na zinki, ambazo huzuia dawa hiyo isifyonzwe vizuri. Ni salama kumeza dawa saa mbili kabla ya poda ya namna hiyo au saa sita baada yake.

Mwisho, taarifa itolewe. Fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa inafaa pia pale bidhaa ya mitishamba au kirutubisho kinaposhukiwa. Tanzania, tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, huku dawa zikibaki chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Bidhaa inayokaa katikati ya chakula na dawa hupita kirahisi pasipoonekana, na taarifa ya mhudumu mmoja inaweza kuwa ya kwanza kuifichua.

Ushauri kwa mtumiaji

Anayetaka kutumia poda ahesabu kwanza protini anayoila. Akiona ipo haja, achague bidhaa yenye viambato vichache: protini, ladha, basi. Aepuke zinazoahidi misuli kwa wiki chache, kuunguza mafuta au kuongeza homoni za kiume, pamoja na zile zinazoficha vipimo vya viambato nyuma ya jina la "mchanganyiko maalumu". Aepuke poda inayopimwa kutoka kwenye mfuko mkubwa usio na lebo, iliyoganda mabonge, au yenye harufu ya ukungu. Poda za kuongeza uzito mara nyingi hujazwa sukari na wanga, na mtu asiyefanya mazoezi ya kutosha huishia kujaza mafuta ndani ya ini.

Kila mtu mzima ajue hali yake kuhusu homa ya ini B, na asiye na maambukizi wala kinga apate chanjo. Ini ambalo tayari lina virusi hudhurika upesi na sumu nyingine.

Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukiwa na rangi ya chai, choo kikipauka, mwili ukiwasha bila upele, au hamu ya kula ikitoweka ghafla, mtumiaji aache poda na virutubisho vyote siku hiyo hiyo na aende kituo cha afya akiwa na makopo yake. Dawa alizoandikiwa na daktari asiziache mwenyewe. Azitaje, ili daktari aamue. Asitafute "dawa ya kusafisha ini", kwa kuwa nyingi zina dondoo zinazoweza kuongeza madhara juu ya madhara.

Kwa ufupi, protini yenyewe si adui wa ini zima, na kwa ini linalougua mara nyingi ni msaada. Kinachodhuru ni homoni zilizofichwa, dondoo zilizokolezwa, sumukuvu, na ukimya kati ya mgonjwa na mhudumu wake. Hilo la mwisho halihitaji maabara wala fedha ili kuliondoa. Linaweza kuondoka leo hii, kwa swali moja katika chumba cha daktari na kwa mgonjwa kuweka kopo lake mezani.